Mbwa uani, sala ndani: majibu ya barua zenu

Barua za safari hii karibu zote zimegusa jambo moja: Mwislamu anayehitaji mbwa, au anayeishi jirani na mbwa, na hajui aanzie wapi. Majibu yameandaliwa na ustadhi wa fikihi pamoja na daktari wa mifugo. Tumefuata madhehebu ya Imamu Shafii kwa kuwa ndiyo ya Waislamu walio wengi Uganda, na madhehebu mengine tumeyataja pale yanapomfaa muulizaji.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mjane, ninaishi Bombo na watoto wanne. Wezi wameruka ukuta mara mbili tangu Ramadhani, wakachukua kuku na betri ya sola. Kijana wangu mkubwa anataka tulete mbwa. Mama mkwe anasema mbwa akiingia tu, malaika wanatoka. Je, tunaruhusiwa?
*Mama wa watoto wanne, Bombo*

JIBU: Waaleikum salaam mama, na pole kwa hasara. Mama mkwe hakulitoa neno lake hewani. Hadithi ya kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa imo katika Bukhari na Muslim, kwa hiyo msimbishie kana kwamba amezua. Mwambieni kwa upole kwamba ipo na ya pili: anayefuga mbwa hupungukiwa na thawabu zake kila siku kirati moja (kirati ni kipimo cha thawabu), na katika riwaya nyingine kirati mbili, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Wanazuoni wa Kishafii wakajiuliza, je, mbwa wa kulinda nyumba anaingia katika ruhusa hiyo? Imamu Nawawi ameeleza kwamba kauli sahihi zaidi ni kuwa anaingia, kwa sababu haja ni ileile: kulinda mali na watu. Hali yenu ya kuvamiwa mara mbili ni haja ya wazi.

Kuhusu malaika, wanazuoni wamehitilafiana. Al-Khattabi alisema mbwa aliyeruhusiwa hawazuii malaika. Nawawi akaona hadithi inaenea kwa mbwa wote. Njia inayowatosheleza wote wawili, na mama mkwe pia, ni mbwa kukaa uani na kutovuka kizingiti cha nyumba. Hata yule mbwa wa Watu wa Pangoni, katika Sura ya 18 aya ya 18, ametajwa akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini.

Sasa kibanda. Kwa mbwa wa kawaida wa hapa kwetu, mwenye kilo 20 hadi 25, jengeni cha urefu wa sentimita 120, upana 90 na kimo 90. Sakafu ya mbao iinuliwe sentimita 15 kutoka ardhini. Kibanda cha sakafu ya udongo hujaa viroboto, na msimu wa mvua mbwa hulala kwenye tope, kisha analeta tope hilo mlangoni kwenu. Paa la bati liwe na mwinuko wa kumwaga maji nyuma, na mlango uelekee mahali upepo wa mvua hautokei. Kiwekeni mbali na bomba, na jiko la nje, na kamba ya kuanikia nguo, na njia mnayopita mkiwa na udhu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanajenga kibanda karibu na mlango wa jikoni ili iwe rahisi kutupa makombo, halafu kila siku wanaosha mara saba vyombo alivyoramba mbwa.

Msimfunge kwa mnyororo mfupi mchana na usiku. Mbwa wa namna hiyo hubweka kila kitu, hata jani, mpaka wenye nyumba wanazoea na mwizi anapita. Tandazeni waya mgumu wa mita 8 hadi 10 kati ya nguzo mbili, mtie pete kwenye waya, na mnyororo wa mita 2 ushikiliwe na pete hiyo. Atatembea uani bila kufika mlangoni. Jambo la mwisho: mtoto wa mbwa achukuliwe akiwa na wiki 8, si chini ya hapo, na msitarajie ulinzi wa kweli kabla hajafikisha mwaka. Mkihitaji ulinzi mwezi huu, tafuteni mbwa mkubwa aliyekwisha chanjwa na ambaye mwenyewe anahama.

SWALI: Naomba mnieleze kwa vitendo jinsi ya kutwaharisha. Kila shehe tunayemuuliza anasema “mara saba, moja kwa udongo” halafu ananyamaza. Udongo gani? Kiasi gani? Mbwa wetu ameramba jerikeni, ameramba posho (ugali) ya watoto, na jana alijisugua kwenye kanzu yangu.
*Fundi seremala, Iganga*

JIBU: Ndugu fundi, tuanze na lisilohitaji kuoshwa, maana wasiwasi umewachosha watu kuliko najisi yenyewe. Kikavu kikigusa kikavu, najisi haihami. Mbwa mkavu akijisugua kwenye kanzu kavu, kung’uta manyoya uyaondoe, vaa, nenda kasali. Manyoya yenyewe yasibaki kwenye nguo, kwa kuwa kwa Mashafii mbwa mzima ni najisi. Kumgusa mbwa pia hakutengui udhu. Kinachotakiwa ni kuosha mahali palipopata unyevu tu, si kutawadha upya wala kuoga.

Unyevu ukiwepo upande wowote, iwe mate, mkojo, pua (ambayo mara nyingi ni mbichi), manyoya yaliyonyeshewa au mkono wako wenye jasho, hapo ndipo saba zinaanza.

Udongo uwe msafi wenye vumbi. Ule mwekundu wa kwetu unafaa sana. Chimba chini kidogo, sentimita 30 hivi, mahali ambapo mifugo hailali, uanike juani, uuchekeche kwa chekecheo la unga, uuweke ndani ya ndoo yenye kifuniko. Ndoo moja ya lita 10 itawatosha miezi mingi. Majivu si udongo. Unga wa mbao, ambao karakana yako imejaa, si udongo. Sabuni haichukui nafasi ya udongo katika kauli inayotegemewa na Mashafii, ingawa Mahanbali wanaikubali.

Kwanza ondoa najisi yenyewe. Kama ni mate mazito au kinyesi, kwangua au mwagia maji mpaka kisionekane. Hata ukimwaga mara tatu kuondoa, hesabu ni moja. Makosa mengi yako hapa: mtu anahesabu saba huku kinyesi bado kimeshika. Kisha chukua magao mawili ya udongo, vuruga kwenye lita moja ya maji mpaka maji yawe mekundu, yamwage yaenee mahali pote palipoguswa. Kunyunyiza udongo mkavu na kuupangusa hakutoshi, lazima uchanganyike na maji. Baada ya hapo mwaga maji safi mara zilizobaki, kila mara yakienea pote na kutiririka. Kwa sahani au sufuria, kikombe kimoja cha maji kwa kila mara kinatosha ukikizungusha vizuri, kwa hiyo kazi nzima haizidi lita 3. Ni bora udongo uwe kwenye mara ya kwanza, kwa sababu maji yanayofuata yataondoa tope. Ukiuacha mpaka mara ya saba, chombo kinatwaharika, lakini utalazimika kuosha tena ili kiwe safi machoni.

Angalia marusharusha. Maji ya mara ya kwanza yakikurukia mguuni, mguu huo utaoshwa mara sita, na udongo haurudiwi kama ulikwisha tumika. Ndiyo maana tunashauri kuoshea kwenye karai pana au juu ya nyasi, si juu ya sementi.

Jerikeni ya lita 20 ni maji machache. Mbwa akiramba ndani yake au mate yakidondoka, maji yote yamenajisika hata kama hayakubadilika. Yamwagie migomba, kisha uoshe jerikeni. Tangi ni habari nyingine. Maji yakifika kiasi cha kulateni, ambacho kwa hesabu inayotumika sana ni lita 216 hivi, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Kwa hiyo tangi la lita 500 lililojaa nusu halina shida kwa kurambwa tu. Likibakia na maji ya chini kabisa, lita 100 tuseme, hukumu yake ni ya jerikeni.

Posho ikiwa imeshikana, kata ile sehemu aliyoigusa na kidogo pembeni yake, iliyobaki ni halali. Supu, maharage yenye mchuzi, uji na maziwa havina namna ya kukatwa, mpe mbwa huyohuyo amalizie. Ardhi ya udongo uani, mbwa akikojoa, mwagia maji mara saba bila kuongeza udongo, kwa sababu ardhi yenyewe ndiyo udongo. Sakafu ya sementi au vigae inahitaji udongo kama kawaida.

Kama kazi yenu inawalazimisha kuwa na mbwa saa zote, mjue kwamba Imamu Malik alimwona mbwa ni msafi na akachukulia kuosha chombo mara saba kuwa ibada tu, na Mahanafi wananajisisha mate bila manyoya na wanatosheka na kuosha mara tatu. Shehe wa msikiti wenu anaweza kuwaongoza kufuata moja ya kauli hizo pale penye dhiki ya kweli. Msichanganye wenyewe kwa kuchagua kila jepesi.

SWALI: Tunapanga muzigo (chumba cha kupanga) Kisenyi, vyumba sita kwa ua mmoja. Jirani yetu, ambaye si Mwislamu, ameleta kibwa. Mwanangu wa miaka mitano anacheza nacho kabla ya kwenda madrasa, na sasa ustadhi anamrudisha nyumbani. Nimemkataza, analia. Nimhame jirani?
*Mama Kisenyi, Kampala*

JIBU: Dada, usihame. Jirani ana haki yake kwako, na kibwa hakijakosa.

Fanya mambo mawili. Mtoto awe na nguo ya kuchezea, fulana na kaptula moja, na asitoke uani bila kuibadilisha. Mkono au mguu uliorambwa uoshe kama tulivyomweleza fundi wa Iganga, ukiwa na kopo la udongo nyuma ya mlango. Kisha oshea sabuni juu ya hapo, kwa sababu ya pili isiyo ya kifikihi: vibwa huzaliwa na minyoo, wengi huipata tumboni mwa mama yao au kwenye maziwa. Mayai ya minyoo hiyo, yakiingia kinywani mwa mtoto, huzaa viluwiluwi vinavyotembea kwenye ini na wakati mwingine kwenye jicho. Zungumza na jirani kwa wema, umwombe ampe kibwa dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka kifike wiki 12, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, halafu kila miezi mitatu. Ukiweza kuchangia dozi ya kwanza, changia. Utakuwa umemlinda mwanao na ujirani kwa pesa moja.

Vyombo vyako usivioshee chini barazani ukaviacha hapo. Jerikeni zifunikwe. Kamba ya nguo iwe juu ya kimo cha mtu. Na kama hukuona mbwa akigusa, chombo ni twahara, basi. Yakini haiondolewi na shaka, na hakuna anayekutaka uwe mpelelezi wa ua. Mwambie na ustadhi hivyo: mtoto aliyekuja na nguo kavu safi hana sababu ya kurudishwa.

Ila tafadhali msimfundishe kuchukia. Watoto wetu wengi hufundishwa kumtupia mbwa mawe, na mtoto anayetupa mawe ndiye anayeumwa. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mwanamke mzinifu aliyesamehewa kwa kumchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake. Mhadithie hiyo.

SWALI: Kaka yangu ameumwa mguuni na mbwa wa mtaani wakati akichunga mbuzi. Wazee walikuja na udongo wakataka kuutia kwenye jeraha ili “kutwaharisha”. Mwingine alileta jiwe jeusi. Ni sahihi?
*Mchungaji, Yumbe*

JIBU: Si sahihi, na tunaomba kila anayesoma jibu hili amsomee na asiyejua kusoma.

Udongo hautiwi kwenye jeraha. Ndani ya udongo kuna vijidudu vya pepopunda, na jeraha la meno ya mbwa ni refu na jembamba, mahali pazuri kabisa pa vijidudu hivyo kukua. Sharia haimlazimishi mtu kujidhuru. Penye madhara udongo unaachwa, maji na sabuni yanachukua nafasi, na kauli ya Mahanbali ya kukubali sabuni ipo tayari kwa anayetafuta utulivu wa moyo. Suruali iliyotobolewa na meno ndiyo ioshwe mara saba kwa udongo, baadaye, mkirudi kutoka hospitali.

Kinachotakiwa mara hiyohiyo ni maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili mkitazama saa. Sabuni ya kipande ya kufulia inafaa. Virusi vya kichaa cha mbwa vina ganda la mafuta, na sabuni hulivunja, kwa hiyo dakika hizo si usafi wa kawaida, ni tiba. Mpate mtu wa kumwagia kutoka kwenye jerikeni huku mwingine akisugua taratibu. Jerikeni mbili za lita 20 zitatosha mkimwaga polepole. Halafu pakeni ayodini kama ipo. Msikamue, msifunge kwa kitambaa cha kubana, msitie pilipili, mafuta ya gari, majani wala jiwe jeusi. Jiwe halifyonzi virusi. Linapoteza saa ambazo virusi vinazitumia kupanda kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni.

Kisha hospitali, siku hiyohiyo. Si kila kituo cha afya huwa na chanjo, kwa hiyo pigeni simu kwanza kabla ya kulipa bodaboda, na mkikosa karibu nendeni hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa. Sindano za msulini huchomwa siku ya 0, ya 3, ya 7, na ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Zipo na za kwenye ngozi, siku ya 0, 3 na 7. Siku ya 0 ni siku ya sindano ya kwanza. Ngozi ikiwa imetoboka na damu imetoka, mwulizeni daktari pia kuhusu kinga ya haraka inayodungwa kuzunguka jeraha lenyewe. Mwulizeni na sindano ya pepopunda. Mjamzito na anayenyonyesha wanachomwa bila hofu.

Tatizo kubwa ni watu kuacha baada ya sindano ya pili kwa kuwa kidonda kimepona. Kidonda si ugonjwa. Kichaa cha mbwa hujitokeza mara nyingi baada ya miezi miwili au mitatu, na dalili zikishaanza, kuogopa maji, kuweweseka, kushindwa kumeza, karibu hakuna anayepona. Maliza sindano zote.

Mbwa akijulikana, msimwue. Afungwe siku 10, apewe chakula na maji bila kumgusa. Akiwa hai na mzima siku ya 10, mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akifa au akitoweka, endeleeni, na mwarifuni afisa mifugo wa wilaya, kwa sababu kichwa chake hupimwa. Mbwa wa mtaani kama huyu aliyemuuma kaka yako hangojewi: anza sindano leo. Tena si kila mbwa mgonjwa hukimbia akiuma watu. Wengine hulegea taya, mate yakatiririka, wakaonekana kama wamekwamwa na mfupa. Usitie mkono kinywani mwa mbwa wa namna hiyo.

Wenye mbwa: chanjo ya kwanza ni akiwa na miezi mitatu, ya pili baada ya mwaka, kisha kila mwaka, na kadi itunzwe. Ofisi nyingi za mifugo hupanga chanjo kuzunguka tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mwulizeni mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) mapema ili awatangazie.

SWALI: Mbwa wetu tunampa posho tupu na anazidi kukonda, manyoya yanadondoka. Tena askari wetu wa geti si Mwislamu, anamletea mabaki ya nguruwe kutoka mahali wanapochoma. Tumkataze?
*Mwenye duka, Mbale*

JIBU: Posho tupu ni wanga. Inashibisha tumbo tu. Mbwa wa kilo 25 anahitaji kwa siku unga wa mahindi gramu 200 ukipikwa kwa maji lita moja hivi, mukene (dagaa) mkavu gramu 100 na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia. Mukene upepetwe na kuoshwa mara mbili kwanza, kwa kuwa ule wa kulishia wanyama huanikwa mchangani, na mchanga hufunga utumbo. Sagia, tia kwenye posho inayochemka, pika dakika 10 zaidi. Gawa mara mbili: asubuhi theluthi moja, jioni theluthi mbili. Baada ya mwezi mmoja mtaona manyoya yameng’aa. Yasipong’aa, tatizo ni minyoo au kupe, mpelekeni kwa daktari.

Msimpe unga ulioota ukungu kwa kusema “ni wa mbwa”. Sumu ya ukungu, aflatoksini, huharibu ini la mbwa haraka kuliko la mtu. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama vioo na kutoboa utumbo. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Maji yabadilishwe kila siku, kwenye chombo kizito kisichopinduka, nacho kipakwe rangi ili asije mgeni akakitumia.

Kuhusu nguruwe, mbwa hana taklifu na hakuna dhambi inayomwandama. Katika fikihi hata mzoga anaweza kupewa. Ila nyinyi msinunue, na mabaki yasiingie jikoni wala kwenye sufuria ya nyumba. Askari na aendelee kwa kavera (mfuko wa plastiki) yake na sahani ya mbwa, mradi si mifupa ya kuchoma, na nyama iwe imeiva. Tatizo letu hapo ni la tumbo la mbwa zaidi kuliko la dini.

SWALI: Mbwa jike wetu amezaa sita. Majirani wanataka kununua. Nauliza pia, nimfunge uzazi?
*Mkulima, Arua*

JIBU: Hadithi inayokataza thamani ya mbwa ni sahihi, na Mashafii hawaruhusu kumuuza hata yule wa ulinzi. Abu Hanifa aliruhusu mbwa mwenye manufaa. Kwako tunasema wape bure, kwa watu wenye haja na wenye uwezo wa kulisha, wakifikisha wiki 8 na wakiwa wamepata dawa ya minyoo. Anayepokea agharimie chanjo yeye mwenyewe kwa daktari, hapo hakuna bei iliyopita mikononi mwako. Wasiopata mtu wasitupwe sokoni ndani ya gunia. Hao ndio wanaokuwa mbwa wa mtaani na kumuuma mchungaji wa Yumbe. Kwa aliye karibu na Kampala, jumuiya ya kutunza wanyama, USPCA, hupokea maombi ya namna hiyo.

Kuhusu kufunga uzazi, vitabu vya zamani vya Kishafii ni vikali kwa mnyama asiyeliwa, na Mahanafi wameruhusu penye maslahi. Wanazuoni wengi wa leo wanaruhusu kwa daktari, kwa ganzi. Usipotaka, mfungie ndani ya banda la wavu kila anapoingia joto: mara mbili kwa mwaka hivi, wiki tatu kila mara, na damu ikikata usimwachie, maana siku za kushika mimba ni hizo zinazofuata. Mimba ni siku 63.

SWALI: Siku ya Idi ya kuchinja, mbwa wa mtaa mzima wanakusanyika. Tunawatupia mapafu na maini yenye malengelenge ambayo watu hawali. Si sadaka hiyo?
*Kamati ya msikiti, Mayuge*

JIBU: Kumlisha mnyama ni sadaka, lakini si kwa hayo. Yale malengelenge yenye maji ndani ya ini na mapafu ya mbuzi, kondoo na ng’ombe huenda ni vifuko vya tegu wa mbwa. Mbwa akila, kila kifuko kinazaa tegu wengi tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, yanashika kwenye manyoya, kwenye mboga na kwenye mikono ya watoto. Ndani ya mtu huota vifuko vilevile, polepole kwa miaka, mpaka vinafikia ukubwa wa embe na kuhitaji upasuaji. Karamoja wanaujua ugonjwa huu vizuri.

Chimbeni shimo la kina cha mita moja kabla ya sala ya Idi, si baada ya kuchinja, kwa sababu baada ya kuchinja hakuna anayekumbuka. Kila ini au pafu lenye lengelenge litiwe humo bila kupasuliwa, chokaa au majivu juu, kisha udongo na mawe. Matumbo yaliyo safi na mapande mengine mnayotaka kuwapa mbwa yachemsheni nusu saa, muwapeleke mbali na mahali pa kuchinjia. Visu visiwekwe chini, ili msije mkaanza kuosha mara saba katikati ya kazi. Na kila mwenye mbwa ampe dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili wake, kila baada ya miezi mitatu, akifukia kinyesi cha siku tatu zinazofuata.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nataka kibwa kidogo cha manyoya cha kulala chumbani, si cha ulinzi. Malik alisema mbwa ni msafi. Inatosha?
*Dada, Mbale*

JIBU: Haitoshi, dada. Usafi wa mbwa ni suala moja na kumfuga bila haja ni suala la pili, na hadithi ya kirati inahusu hilo la pili. Haitaji najisi kabisa. Moyo wako ukipenda mnyama chumbani, chukua paka: mate yake ni twahara kwa hadithi inayojulikana, na kibwa hicho atakipata mtu mwingine.

SWALI: Tumeshapata mbwa, tumeshajenga kibanda. Waumini wanaopita alfajiri kwenda msikitini wanalalamika anawafukuza. Tufanyeje?
*Mzee wa mtaa, Busia*

JIBU: Mzee wetu, mbwa afunguliwe saa nne usiku geti likiwa limefungwa, arudishwe kwenye waya wake saa kumi na nusu, kabla mwadhini hajaanza. Ndani ya Ramadhani mfungeni mapema zaidi, saa tisa, kwa kuwa watu huanza kutembea wakati wa daku. Kama ua wenu ni wa michongoma na si ukuta, asifunguliwe kabisa bila wavu wa kimo cha mita 1.5, uliofukiwa sentimita 30 chini asije akachimba. Apewe chakula mara tu anaporudishwa kwenye waya. Baada ya wiki mbili atakuja mwenyewe akisikia sahani.